Jibu: Nimesoma sosholojia, naweza kufanya uzamili wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta?

Ndugu, umeuliza kama mtu wa sosholojia asiyejua kuandika programu anaweza kuifanyia utafiti fani hii, inayochunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu, akiwa Moshi. Anaweza kabisa. Tangu mwanzo fani hii imewahitaji watu wa saikolojia na jamii.

Mimi darasa langu kubwa lilikuwa soko la Kiboriloni. Nilimpa mama muuza ndizi programu ya kutunza hesabu kwenye simu, nikanyamaza. Kidole chake kikazungukazunguka juu ya kitufe cha "Hifadhi" bila kukigusa. Nikamuuliza, mama, mbona hubonyezi? "Hifadhi si ile ya mlimani, mwanangu?" Nikaandika "Weka", akaendelea. Kazi hiyo ya kukaa na mtu ukimtazama mnaijua vizuri nyie wa sosholojia, na ndiyo ngumu.

Usiogope uchache wa watu wa kuwajaribisha programu: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hufichua takribani asilimia 85 ya kasoro za utumiaji.

Kuhusu chuo, Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ina uzamili na uzamivu wa TEHAMA, ila ni ya sayansi na uhandisi, kwa hiyo ulizia sifa za kujiunga mapema. Soma pia makala za AfriCHI, mkutano wa Afrika wa fani hii ulioanzia Nairobi 2016.