Wachambuzi wapya wa mpira, msikilizeni kwanza John Madden

Kila kijana anayeingia kwenye uchambuzi wa mpira na kuniomba ushauri, namtuma kwanza akamsikilize John Madden. Wengi hushangaa. Madden alikuwa Mmarekani, tena wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, ambao huku kwetu wanaoufuatilia ni wachache. Alifariki tarehe 28 Desemba 2021 akiwa na umri wa miaka 85, na tangu siku hiyo sijaona mchambuzi wa kukaa kwenye kiti chake. Sikuwahi kuonana naye, lakini kazi hii nilijifunza kwake, na ninamkumbuka kwa heshima anayostahili mwalimu.

Habari yake inaanzia kwenye goti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alisajiliwa na Philadelphia Eagles, akaumia goti kwenye kambi ya mazoezi, na uchezaji wake wa kulipwa ukafia hapo kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Asubuhi alikuwa akienda klabuni kutibiwa, na huko akamkuta Norm Van Brocklin, kotabeki wa timu, yaani yule mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Van Brocklin alikuwa akitazama filamu za mechi. Madden akaketi naye, na mkongwe huyo akawa anamweleza anachokiona: kwa nini beki huyu amesogea, kwa nini nafasi ile imefunguka. Aliyepoteza mchezo akaanza kuuelewa.

Baada ya hapo alisomea ualimu katika chuo cha Cal Poly huko California hadi shahada ya pili, akafundisha mpira vyuoni, kisha mwaka 1967 akajiunga na Oakland Raiders kama kocha msaidizi. Mwaka 1969, akiwa na miaka 32, akapewa timu nzima. Katika misimu kumi ya ligi alishinda mechi 103, akapoteza 32 na kutoka sare 7. Hakuwahi kumaliza msimu akiwa amefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hata hivyo, mara tano alifika kwenye mechi ya kuingilia fainali akafungwa, hadi Januari 1977 timu yake ilipoichapa Minnesota Vikings 32 kwa 14 na kuchukua Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi. Wachezaji wake aliwawekea sheria tatu tu: fika kwa wakati, sikiliza kwa makini, na nikikwambia ucheze, cheza kwa nguvu zako zote. Nywele na mavazi yao hakuyafuatilia. Akaacha ukocha akiwa na miaka 42, amechoka na anaumwa vidonda vya tumbo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wengi wenu mnaanza na sauti. Mnatafuta mbwembwe, jina la utani, msemo wa kuwafanya mashabiki wawakumbuke. Madden alikuwa na mbwembwe kweli, alinguruma na kurusha mikono, lakini chini yake palikuwa na ualimu. Alipoacha ukocha alifundisha hata darasa la mashabiki wa kawaida katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwaeleza mchezo watu ambao hawakuwahi kuucheza. Mtu aliyezoea kumweleza asiyejua hapati shida mbele ya maiki.

Alianza utangazaji kwenye kituo cha runinga cha CBS mwaka 1979, na kuanzia 1981 akakaa na mtangazaji Pat Summerall. Walidumu pamoja misimu zaidi ya ishirini, CBS kwanza, kisha kituo cha Fox. Wasikilizeni hawa wawili kwa makini sana. Summerall, aliyewahi kuwa mpigaji mpira kwa mguu wa timu ya New York Giants, alikuwa mtu wa maneno machache: anataja mrushaji, mpokeaji, umbali, ananyamaza. Ukimya huo ndio uliokuwa uwanja wa Madden. Aliingia, akaeleza kwa nini tukio limetokea, akatoka kabla mpira haujaanza tena. Kwetu ninasikia mtangazaji na mchambuzi wakigombea sekunde moja, wote wakisema kile kile ambacho mtazamaji amekwisha kukiona. Kwenye redio mtangazaji ana haki ya kujaza picha, kwa sababu msikilizaji haoni. Kwenye runinga, mchambuzi akisema "ametoa pasi nzuri" amesema nini? Niambie nani alivuta beki ili pasi hiyo ipite.

Hapo ndipo Madden alipowapita wote. Alitazama wasio na mpira. Kamera inamfuata anayekimbia, yeye anawaangalia wale wanene wa safu ya mbele wanaosukumana kwenye tope kumkinga kotabeki. Alichukua kalamu ya kuchorea juu ya picha ya runinga, akazungushia duara miguu ya mtu ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa anamjua, na ghafla kila mtu akaelewa lile bao limetoka wapi. Kila msimu aliwataja wachezaji wa kikosi bora alichokichagua mwenyewe, na wengi walikuwa watu wa kazi chafu. Katika soka tunao watu kama hao: kiungo mkabaji anayesogea hatua mbili kuziba njia, beki wa pembeni anayekimbia mbio ndefu bila kupewa mpira ili tu amfungulie winga. Mechi yako ya kwanza, mchague mmoja wao umfuatilie.

Maandalizi yake yalikuwa ya kikocha. Aliogopa ndege, hivyo alisafiri kwa treni, na kuanzia mwaka 1987 kwa basi lililotengenezwa kwa ajili yake, akiikata Marekani kutoka pwani hadi pwani. Alifika mji wa mechi mapema, akaenda mazoezini, akazungumza na makocha na wachezaji, akadai filamu zinazoonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja, akazitazama na waongozaji wa matangazo ili kamera zijue pa kuelekea. Si kila kituo kitakupa nauli ya kwenda mazoezini, ninalijua hilo vizuri. Lakini simu kwa kocha msaidizi siku moja kabla ya mechi inawezekana karibu kila mahali, na makocha wasaidizi hupenda kuulizwa kuhusu kazi yao.

Uadilifu huo huo aliupeleka kwenye mchezo wa kompyuta unaobeba jina lake. Watengenezaji walipomwambia mashine za wakati ule hazimudu wachezaji wote, akakataa: wawe 11 kwa 11, la sivyo si futiboli. Kazi ikachukua miaka, mchezo ukatoka mwaka 1988, na vijana wengi wa Marekani wakajifunza mbinu za futiboli kutoka humo.

Jambo moja zaidi, na hili ni zito kwangu. Agosti 1978, kwenye mechi ya kirafiki kule Oakland, Darryl Stingley wa New England Patriots aligongwa na beki wa Raiders, akapooza. Hakuwa mchezaji wa Madden. Madden alikwenda hospitali usiku ule, akaendelea kwenda. Mchezaji akilala chini na madaktari wakakimbia, teremsha sauti. Usikisie jeraha, usimtaje anayelaumiwa, usiombe marudio mara ya tatu. Mama yake huenda anasikiliza.

Wiki hii tafuteni tangazo lolote la zamani la Madden na Summerall. Chukueni robo moja tu ya mchezo. Mara ya kwanza andikeni kila alichosema Madden ambacho macho yenu hayakukiona. Mara ya pili pimeni kwa saa ya mkononi muda ambao wote wawili wamenyamaza. Kisha zimeni sauti, tazameni kipindi kimoja cha mechi ya ligi yetu, jirekodini mkichambua, na mniletee rekodi hiyo pamoja na karatasi zenu.