Maswali yenu kuhusu kazi ya kesi: masaa 72, wazee wa suluhu na meseji za wasap

Safari hii maswali yamejaa, karibu yote yametoka kwa watu wanaoshughulikia kesi za ukatili kwa wakimbizi, wengine ndo kwanza wanaanza na wengine wamechoka kabisa. Hii kazi nimeifanya miaka mingi kwahiyo najibu kama mtu aliyekaa kwenye hicho kiti. Maswali nimeyafupisha na nimetoa chochote ambacho kingemfanya mtu ajulikane.

Nimeitwa usaili wa nafasi ya afisa wa kesi, mi nimesoma sosholojia tu. Hii kazi hasa ni ya nini?

Mdogo wangu, kwa kifupi unatembea na mtu mmoja aliyefanyiwa ukatili, kuanzia siku aliyokuja mpaka siku atakayosema sasa naweza mwenyewe. Hatua ziko sita: kumpokea na kumweleza haki zake, kutathmini hali yake, kupanga naye, kutekeleza mlichopanga, kufuatilia, na kufunga kesi. Mwongozo wa pamoja wa mashirika wa mwaka 2017 kuhusu kesi za ukatili wa kijinsia umezipanga hivyo, na kwenye usaili lazima watakuuliza, we zitaje tu. Ila ujue we si polisi, si hakimu, si daktari, si shekhe wala mchungaji. We ndo yule anayejua mlango upi unafunguliwa saa ngapi na nani aliyeko nyuma ya ule mlango hana siri.

Kitu ambacho hawatakuuliza ni kama unaweza kukaa kimya. Kuna mama alikuja kwangu mara tatu kuulizia blanketi, na blanketi wala si kitengo changu, mara ya kwanza nikamwelekeza kwenye ugawaji, mara ya pili hivyo hivyo, mara ya tatu nikaona amekaa, ndala moja kaivua anaichezea na kidole gumba cha mguu, haraka hana. Nikasogeza kiti nikamuuliza tu, mama, usiku huko nyumbani mnalalaje? Akanyamaza muda mrefu hadi nikaanza kusikia feni. Halafu akasema, blanketi ninalo. Hapo ndo kesi ilipoanza, nami nusura niipoteze kwa kuwa mwepesi wa kuelekeza watu.

Alikuja binti kabakwa juzi yake usiku. Nikaanza kujaza fomu ya tathmini, ikachukua saa nzima na nusu, supavaiza kanigombeza sana. Kosa langu liko wapi?

Kakugombeza kwa haki, samahani. Fomu inasubiri, mwili hausubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile PEP, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na zikianza mapema zaidi ndo vizuri zaidi, zinamezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafika mpaka masaa 120, yaani siku 5, ila kila siku inayopita nguvu inapungua. Chanjo ya homa ya ini B anatakiwa aipate ndani ya siku 14. Sasa juzi usiku mpaka anakaa mbele yako masaa mangapi yameshakwenda? Hesabu kwanza, andika baadaye.

Mweleze hayo kwa utulivu bila kumtisha, muulize kama anataka kwenda kituo cha afya, akikubali nenda naye. Usimtume peke yake na kikaratasi. Akikataa, basi kakataa, ila hakikisha amekataa akiwa anajua masaa yanasemaje. Na hata kama 72 zimeshapita bado aende, kuna majeraha, magonjwa ya zinaa, chanjo, kuna akili yake pia. Neno "umechelewa" lisitoke kinywani mwako.

Kuna maswali machache tu ambayo siku hiyo hayasubiri: aliyefanya hivi yuko wapi sasa, we leo unalala wapi, na je alikukaba koo? Hilo la koo watu wengi hawaulizi. Mtu akikabwa shingoni anaweza asiwe na alama yoyote na ndani akawa ameumia vibaya, halafu kama aliyemkaba ni mume au mpenzi, hatari ya kumuua siku za mbele iko juu sana. Daktari aambiwe, mteja akikubali.

La mwisho hapa. Vituo vingine vinadai karatasi ya polisi kabla ya kumtibu, wakati miongozo ya afya inasema matibabu yasisubiri ripoti ya polisi. Sheria ya nchi uliyopo ijue mapema na uzungumze na mganga mkuu kabla, usingoje siku mteja amesimama dirishani analia.

Wazee wa jamii wanataka kesi ya mume kumpiga mke tuimalize wenyewe, mi nikae kama msuluhishi. Nikikataa wanasema najidai msomi.

Usikae kwenye hicho kiti hata wakikuletea soda. Suluhu inataka watu wawili wenye nguvu sawa, sasa pale mume yupo, kaka zake wapo, wazee wapo, mwanamke anaulizwa mbele ya wote hao haya sema, amekupiga au hajakupiga, halafu kikao kikiisha usiku anarudi kulala na nani? Miongozo ya kazi yetu iko wazi, afisa wa kesi hasuluhishi.

Ila wazee usiwakimbie wala usiwadharau, kesho utawahitaji, na wengi wao nia yao ni nzuri tu, wanaogopa familia kusambaratika ugenini. Mi nilikuwa naanza na shikamoo, nakaa, nasikiliza, halafu nasema: wazee wangu, mtu akija kwangu namwahidi siri, nikikaa kwenye kikao cha kumhukumu hakuna mwanamke mwingine atakayeniamini, hata binti yenu akipata shida hatakuja. Hapo kwenye binti yenu huwa panatulia kidogo. Tena usikubali wala kukataa kwamba fulani ni mteja wako, zungumzia kazi kwa ujumla tu, maana wakati mwingine wamekuja kukuchimba.

Sasa je kama mwanamke mwenyewe ndo anawataka wazee? Inatokea sana, na ni haki yake, pengine ndo njia pekee anayoiona ya kupata talaka au watoto. Hapo kazi yako ni kumuandaa: nani atakaa pembeni yake, kikao kikiharibika anatokea mlango gani, usiku huo atalala wapi, na neno gani akilitamka yule shangazi yake ajue amekwama. Akikuomba muwe wote, nenda, lakini keti upande wake, usikae katikati.

Mkalimani pekee tuliyenaye wa lugha ya mteja ni shemeji wa mtuhumiwa.

Basi kwa kesi hiyo huna mkalimani. Tafuta wa simu, mtu wa mbali asiyemjua yeyote pale, na jina la mteja usilitaje. Mtoto wake usimtumie kamwe, hata kama anajua lugha zote za dunia. Na hata ukipata mkalimani mzuri, mteja aambiwe kwanza ni nani ili aweze kusema huyu hapana. Halafu zungumza na mkalimani kuhusu maneno, maana lugha zetu zina staha. Hata kwetu Kiswahili mtu anasema "kanifanyia vibaya" au "kaniharibu" na anamaanisha jambo zito kabisa. Mkalimani akilainisha zaidi ikafika kwako kama "kamsumbua", umeshapoteza kesi bila kujua.

Ofisini tuna grupu la wasap la kesi, bosi anataka majina kila jioni ili "afuatilie". Ni sawa?

Si sawa. Kesi inatembea kwa kodi, yaani namba au herufi zinazowekwa badala ya jina, jina lenyewe halitembei. Fomu ya idhini yenye sahihi ya mteja inakaa kabati la peke yake, taarifa za tukio zinakaa kwingine, mtu akiiba faili moja asiweze kuunganisha na jingine. Bosi anaweza kufuatilia kwa kodi na idadi, na faili lenyewe anaruhusiwa kulipitia supavaiza wa kesi, wala si grupu la watu kumi na tano ambamo na dereva yumo na aliyeacha kazi mwaka jana hajatolewa bado.

Haya siyasemi kwa ubora. Mwanzoni mwanzoni niliwahi kutuma meseji "mama fulani wa bloku fulani amefika salama" kwa mwenzangu, simu yake akawa nayo mtoto wa jirani anacheza gemu. Hakuna aliyedhurika, ila mama yule aliniangalia wiki nzima kama mtu aliyenikopesha hela nikaingia mitini. Nililazimika kumwambia ukweli mwenyewe na kumwomba radhi. Tokea hapo hata kwenye daftari langu naandika kodi.

Mteja wangu nilimtafutia nyumba salama, nikahangaika wiki mbili, karudi kwa mume. Nimefeli?

Hapana dada. Kurudi si mwisho wa kesi. Anayejua vizuri kuliko wote hatari ya yule mume ni yeye mwenyewe, na kipindi cha kuondoka ndo huwa kibaya kuliko vyote, wanaume wa aina hiyo wanachachamaa wakiona wanaachwa. Pengine karudi ili asiuawe. Pengine karudi kwa sababu kadi ya mgao ina jina la mume kama kichwa cha familia na wiki ya chakula imefika.

Hapo ndo pa kuangalia, kuliko kujilaumu. Muulize, bila kinyongo, nini kilimrudisha. Kama ni kadi, kuna utaratibu wa kuomba usajili wake utenganishwe awe na nyaraka zake mwenyewe, ongea na watu wa kitengo cha kulinda wakimbizi cha UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, au ofisi ya serikali inayosajili, lakini mume asije akagundua siku ya ugawaji akiwa kwenye foleni, hilo mlipange. Na akiwa humo ndani bado mnaweza kupanga usalama: nyaraka au nakala zake zikae kwa mtu anayemwamini, ugomvi ukianza atoke jikoni kwenye visu asogee karibu na mlango, watoto wajue nyumba ya kukimbilia. Mlango wako uache wazi. Ukimnunia hatarudi, na siku atakapohitaji kutoka kweli hatakuwa na pa kwenda.

Wenzangu wanasema wanawake wengi wanadanganya wamebakwa ili wapelekwe nje. Mi nawaamini nani?

Amini aliyekaa mbele yako, we si mpelelezi. Kila mwaka wakimbizi wanaopata kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani si kwao wala si walikokimbilia, hawafiki hata asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani, sasa piga hesabu mwenyewe kama hiyo ndo bahati nasibu mtu ataichezea kwa aibu ya kiasi hicho mbele ya jamii yake. Mmoja mmoja wapo, sikatai, penye shida hapakosi. Lakini ukimhudumia mmoja aliyedanganya umepoteza saa moja, ukimfukuza mmoja aliyesema kweli umempoteza yeye. Cha kufanya ni kusema mapema na kwa wote: mi sitoi safari, huduma ninazotoa ni hizi na hizi. Usiahidi, hata kwa huruma.

Mfanyakazi mwenzetu anaingiza wasichana kwenye orodha ya misaada "wakikubaliana". Sina ushahidi, nasikia tu.

Ripoti. Leo. Ushahidi si kazi yako, wasiwasi tu unatosha. Mwaka 2002 yalipotoka ya wakimbizi wa Guinea, Liberia na Sierra Leone, watoto walionyanyaswa na watu waliotumwa kuwasaidia, ndo zikatungwa zile kanuni tunazosaini siku ya kwanza kazini bila kusoma, na waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 ukafuata. Ziko wazi: ngono kwa kubadilishana na hela, kazi au msaada ni marufuku, na mtu chini ya miaka 18 ni marufuku hata useme ulidhani ni mkubwa, na mfanyakazi akihisi analazimika kuripoti. Tumia njia rasmi ya malalamiko, usimfuate yeye "kumshauri", na wale wasichana usiwahoji, utawaweka hatarini.

Wanaume nao wanaruhusiwa kuja?

Ndiyo. Na wanakuja wakisema mgongo unauma. Masaa ni yaleyale na siri ni ileile. Muulize angependa kuhudumiwa na mwanaume au mwanamke, usidhani unajua.

Nina kesi 60, usiku silali, na mimi mwenyewe ni mkimbizi, nasikia ya watu naona yangu.

Pole sana ndugu yangu. 60 si kesi, ni orodha ya majina. Viwango vya ulinzi wa mtoto vinasema mhudumu mmoja asizidi watoto 25, na kesi za ukatili wa kijinsia hazina wepesi wowote kuliko hizo. Usiende kwa supavaiza na "nimechoka", atakwambia sote tumechoka. Zigawe kwenye karatasi: zipi ziko hatarini wiki hii, zipi zinafuatiliwa tu, zipi zilitakiwa zifungwe zamani maana mteja mwenyewe alishasema yuko sawa. Hizo za mwisho nakuhakikishia hazikosi kumi. Mpe karatasi hiyo, omba mpya zisiingie kwako kwa muda, na omba kikao cha usimamizi kila wiki ambacho hakihusu ripoti wala namba.

Na ile kesi inayofanana na yako, unaijua ni ipi, mwombe mwenzako aichukue. Mteja muage vizuri, mtambulishe kwa anayekuja, mkae watatu siku moja kwanza.