Ukienda Misri, lipe lango haki yake

Jamaa na marafiki wanaojiandaa kwenda Misri huniuliza waanzie wapi. Jibu langu halibadiliki: ukifika hekaluni, usiingie kwanza. Simama mbele ya lango, mbali kidogo, ulitazame mpaka ulielewe.

Nasisitiza hivyo kwa sababu nimeona makundi mengi yakipita mlangoni mbio, yakimfuata kiongozi mwenye kibendera, kana kwamba hekalu linaanzia kwenye nguzo za ndani. Zamani haikuwa hivyo. Vyumba vya ndani kabisa vilikuwa vya makuhani na mfalme. Mkulima aliyekuja mjini siku ya sikukuu hakufika huko. Alichokiona yeye ni ukuta huu wa mbele: minara miwili mipana inayopungua unene kadiri inavyopanda, na mlango katikati. Aliyotaka mfalme raia wayajue yalichorwa hapo.

Anza na hekalu la mji wa Luxor, tena uende jioni. Lango la mfalme Ramesses wa Pili linatazama kaskazini, kwa hiyo miezi ya baridi uso wake hushinda kivulini. Michoro yake imechimbwa ndani ya jiwe na inahitaji mwanga wa pembeni ili ionekane. Jua likizama taa huwashwa kutoka chini, na mistari ambayo mchana huioni inajitokeza. Hiyo ni vita ya Kadesh, mji uliokuwa katika Syria ya leo, takriban mwaka 1274 KK, kati ya Wamisri na Wahiti, dola pinzani ya kaskazini. Kwenye mnara wa kulia tafuta kambi ya Wamisri na mfalme aliyeketi akishauriana na maofisa wake. Kwenye wa kushoto yuko juu ya gari la farasi, adui wanaanguka mbele yake. Wanahistoria wengi wanaona vita hiyo haikuwa na mshindi wa wazi. Ukilijua hilo, utaelewa kwamba unasoma tangazo la serikali lenye urefu wa mita 24.

Mbele ya lango imesimama obeliski moja, yaani nguzo ndefu ya jiwe iliyochongoka juu. Ya pili iko Paris, Place de la Concorde, tangu 1836, na pengo lake linaniuma kila ninaposimama pale. Tazama pia mifereji minne iliyochongwa wima kwenye minara, miwili kila upande. Humo ndimo milingoti ya bendera ilimosimikwa. Ukitaka kuona lango lilivyokuwa enzi zake, sasa ingia uani, nenda mpaka pembe ya mwisho upande wa kulia. Ukutani pamechorwa lango hilohilo: obeliski zote mbili, sanamu za mfalme, na bendera juu ya milingoti yake. Watu wengi hupita hapo bila kugeuza shingo.

Karnak, mahekalu makubwa yaliyo hapohapo Luxor, ni habari nyingine. Lango lake la kwanza, upana wa mita 113 hivi, linahusishwa na mfalme Nectanebo wa Kwanza wa nasaba ya 30 (karne ya nne KK), na halikukamilika. Hapa nakushauri ufanye kinyume: ingia, kisha geuka nyuma. Kushoto kwako, nyuma ya mnara wa kusini, utaona lundo la matofali ya udongo lililoegemea ukuta. Usilidharau. Ni mabaki ya ngazi-mteremko ambayo wajenzi walipandishia mawe. Jengo lilipokwisha, kwa kawaida matofali hayo yaliondolewa. Hapa kazi ilikatika, yakabaki. Kwangu mimi lundo hilo lina thamani kuliko sanamu kadhaa zilizong'arishwa, maana ndipo pekee ninapowaona wafanyakazi wenyewe.

Malango haya yalikuwa na siri ndani pia. Mfalme Amenhotep wa Tatu alipojenga lango la tatu la Karnak, alilijaza mawe ya majengo ya waliomtangulia. Wataalamu walipolifungua karne iliyopita, walikuta humo vipande vya kijihekalu cheupe cha mfalme Senusret wa Kwanza, kilichokuwa kimekwisha timiza zaidi ya miaka 500 kilipovunjwa. Kimeunganishwa upya na kimesimama kwenye makumbusho ya wazi palepale Karnak. Lipia tikiti ya ziada kama inahitajika. Michoro yake ni myembamba na safi ajabu, kwa sababu ilikaa gizani miaka zaidi ya 3,000.

Wengi hueleza umbo la minara miwili kama vilima viwili ambavyo jua huchomoza kati yake. Karnak maelezo hayo yana nguvu: mhimili wa hekalu umeelekea lichomozapo jua karibu na tarehe 21 Desemba. Ukiweza kupanga safari yako siku hizo, panga, na ufike kabla ya mapambazuko.

Edfu, mji ulio kusini mwa Luxor, iweke mwisho, maana ndiyo iliyobaki nzima zaidi. Hekalu lake la mungu Horus lilianzwa 237 KK na kumalizika 57 KK, enzi za akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki. Lango lake lina kimo cha mita 36, na juu yake Ptolemy wa Kumi na Mbili amewashika maadui nywele, mkono mwingine umeinua rungu. Pande zote mbili zina mchoro uleule, umegeuzwa tu. Linatazama kusini, kwa hiyo lina jua karibu siku nzima. Meli za watalii mara nyingi hushusha abiria asubuhi. Mimi hukodi gari Luxor na kufika mchana, nikiwa na kofia, maji, na dereva tuliyekubaliana mapema kwamba hatanikimbiza.