Cheti cha digrii hakijatoka? Omba hivyo hivyo

Naam mdogo wangu, unaweza kuomba masta ya ustawi wa jamii hata kama cheti cha digrii bado. Programu za Erasmus Mundus (masta za pamoja za vyuo, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya) zinamruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba, ila awe ameshahitimu kabla masomo hayajaanza. Mimi niliomba hivyo: nilipeleka transkripti (orodha ya alama) ya muda pamoja na barua ya chuo, yenye muhuri, inayosema nasubiri mahafali. Muhuri usiusahau! Mwenzangu alirudishiwa barua yake kwa sababu hiyo tu, akapanda boti tena kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja kuufuata.

Ufadhili wao ni yuro 1,400 kwa mwezi na ada hulipi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni habari nyengine: wanataka digrii iwe mkononi na saa 2,800 za kazi, na kujitolea kunahesabiwa.

Kwenye barua ya maombi usiandike "napenda kusaidia watu", kila mtu anaandika hivyo. Kama uliwahi kujitolea kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachohudumia waliofanyiwa ukatili), eleza kesi moja (bila jina la mtoto): nani alimleta, ulizungumza vipi na sheha (kiongozi wa shehia), familia ilipotaka yaishe nyumbani wewe ulifanya nini. Hapo ndipo wanapoona kama kazi unaijua.

Sharti la Kiingereza hutofautiana, kwa hiyo soma ukurasa wa kila programu. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2, usiufanye mapema mno.