Kujibu: RFA wiki ijayo, au nisubiri maikrowevu?

Mkuu, usimsubirishe mama! Uvimbe wa ini sentimita 2.4, hospitali iko tayari kuuchoma kwa RFA (sindano inayouunguza kwa joto la umeme) wiki ijayo, halafu wewe unataka kungoja miezi mitatu mchango utimie umpeleke India kwa maikrowevu (sindano inayouunguza kwa mawimbi)? Nimesoma nikaishiwa nguvu, maana ndivyo nilivyomfanyia mzee wangu.

Wa mzee ulikuwa 2.7. Daktari wa Nairobi aliweka filamu ya CT (picha ya skani ya ndani ya mwili) kwenye taa, akaupima kwa rula mbele yangu, akasema huu unachomeka. Mimi nikajifanya mjuaji. Kuna wakala wa matibabu ya nje, suti imenyooka, simu tatu mezani, aliniambia RFA imepitwa na wakati. Nikamwamini yeye nikamwacha aliyeshika rula. Elimu yangu yote kuhusu maikrowevu ilikuwa kupasha pilau.

Tukafungua grupu la mchango. Miezi minne ukoo mzima tunagombana nani hajatoa (shangazi mmoja ahadi yake ya elfu hamsini naingoja hadi leo). Pasipoti, viza, barua ya mwaliko. Kufika Chennai, ile filamu hawakuihangaikia, wakampiga CT mpya: 5.3, na kadogo kengine pembeni. Maikrowevu niliyoifuata ng'ambo ikawa haimtoshi tena. Wakaishia kuziba mishipa inayolisha uvimbe na kumwaga kemo (dawa za saratani) humohumo. Tiba nyingine, bili nyingine. Wakala? Simu tatu, hakupokea hata moja.

Tofauti ipo, sikatai. RFA inapitisha umeme kutoka kwenye sindano hadi pedi zinazobandikwa mapajani, na uvimbe ukiwa umegusana na mshipa mkubwa, damu inayopita inaupoza kama maji ya rejeta, kipande kinabaki hakijaiva. Maikrowevu haina habari na pedi, inachoma haraka, na mshipa hauisumbui sana. Lakini chini ya sentimita 3, tafiti zilizozilinganisha hazikuonyesha tofauti kubwa ya muda wa kuishi. Ukivuka hapo, zote mbili hatari ya kuacha mabaki inapanda. Sasa hiyo mashine mpya itakusaidia nini kama unaipelekea uvimbe wa sentimita 5?

Muulize daktari: uko karibu na mshipa mkubwa? Akisema hapana, wiki ijayo mama aingie. Akisema ndiyo, aseme nani wa karibu ana maikrowevu au njia nyingine, na akupe tarehe. Tarehe, mkuu, siyo "tutaona".

Halafu hiyo 2.4 ni ya CT ya lini? Hujaandika. Kama imeshapita miezi miwili, hujui uvimbe wa mama una ukubwa gani leo. Mpigie daktari asubuhi.