Hesabu pumzi dakika nzima: kwa wadogo zangu mnaoanza wodi

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliandika namba 24 kwenye faili la mtoto ambaye pumzi zake sikuzihesabu.

Alikuwa na miezi 14. Mama yake alimleta kutoka Mbagala, kwenye daladala la alfajiri, mtoto anachemka mgongoni. Joto nilipima, mapigo nikapima. Pumzi nilizitazama kwa macho tu, nikajaza namba inayofanana na za watoto waliotangulia. Akili yangu yote ilikuwa kwenye malaria, na benchi zima lilikuwa linangoja jibu hilo hilo. Majibu yakatoka: hakuna malaria. Mama akaniuliza, "Sasa sista, hii homa ni ya nini?" Nikakosa la kumwambia.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alimwomba mama wa mtoto ampakate mpaka atulie. Akapandisha fulana, akashika saa yake, akakaa kimya dakika nzima. Pumzi 58. Kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, futa hiyo uliyoandika, uweke sahihi yako, uandike hii." Daktari alipomsikiliza kifua, ilikuwa nimonia.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba viwango nilivijua. Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, 40. Mtihani wenyewe nilishaujibu nikafaulu. Nilikariri namba bila kuelewa zinasema nini juu ya mwili wa mtoto.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: kila ugonjwa usome kwa kujiuliza unafanya nini mwilini, ndipo uende kwenye dalili. Kwenye nimonia, vifuko vya hewa vinajaa majimaji na usaha. Oksijeni inapita kwa shida, na mwili unafidia kwa kuongeza kasi ya kupumua. Ukilielewa hilo, huhitaji kukariri kwa nini sehemu ya chini ya kifua inabonyea mtoto anapovuta hewa, au kwa nini anaachia ziwa kila mara: hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja. Utaelewa pia kwa nini ni dakika nzima. Mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja; anakwenda mbio, anasita, anaanza tena. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, unaweza kupata jibu la uongo. Akiwa analia, subiri.

Hapa Dar es Salaam neno homa na neno malaria yamezoeana mno. Malaria ipo na inaua, kwa hiyo kipimo kifanyike kila mara. Lakini jiji hili limepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na dengi huanza na homa kali, kichwa na maumivu ya viungo. Mgonjwa akija, muulize ametumia dawa gani kabla ya kufika kwako. Wengi wamepitia duka la dawa wakapewa diklofenaki au aspirini, na kwa mwenye dengi dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli ndiyo salama, kwa kipimo chake. Na usishangilie homa ikishuka siku ya nne au ya tano. Huo ndio wakati wa kumwangalia zaidi: tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu? Mwite daktari hapo hapo.

Akikutwa na malaria isiyo kali, atapewa dawa mseto (ALu, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja). Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mwambie ameze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na mpe sababu: dawa inafyonzwa vizuri zaidi. Mtu aliyepewa sababu haachi vidonge vitatu kwenye droo akiona nafuu.

Presha nitaipitia kwa kifupi. Bibi aliyeshuka kwenye mwendokasi sasa hivi na kupanda ngazi, usimfunge kitambaa cha mashine mara anapokaa. Mpe shikamoo yake, akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, ndipo upime. Halafu muulize kwa upole kama dawa zake anameza kila siku au siku kichwa kikiuma tu.

Kuhara kwa watoto ndiko kumenifundisha kusikiliza. Tunaangalia macho yaliyoingia ndani, tunafinya ngozi ya tumbo kuona kama inachelewa kurudi, tunatoa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki ya siku 10 hadi 14. Vyote hivyo nilivifanya kwa mtoto mmoja wa Buguruni, na kesho yake akarudi amelegea zaidi. Maelekezo nilikuwa nimeyatoa mimi. Safari hii nikamwambia mama, "Hebu nionyeshe ulivyochanganya." Akachukua kikombe cha chai, akamimina nusu ya pakiti. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Alikuwa anampa mwanawe maji yenye chumvi na sukari nyingi kupita kiasi, na hayo huzidisha kuhara na yanaweza kumdhuru zaidi. Mimi nilimwambia "changanya na maji safi" nikaona inatosha.

Sasa simruhusu mama aondoke kabla hatujasoma pamoja kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, maana zipo za lita na za nusu lita. Namuuliza nyumbani ana chombo gani. Akisema chupa ya maji ya dukani, tunatafuta pale wodini inayofanana nayo, anaishika, ananionyesha kwa kidole maji yatakapofika.