Mama aache dawa ya kolestro arudie samli?

SWALI: Daktari, mamangu hapa Kondele, Kisumu, anameza atorvastatin, dawa ya kushusha kolestro, na siku hizi analia mapaja yanamuuma hadi kupanda matatu ni shida, anasema nyanyake alikula samli ya ng'ombe maisha yake yote na hakujua kolestro ni nini. Aache?

JIBU: Asiache kivyake. Maumivu ya misuli ni jambo linalojulikana na hizo dawa, arudi kliniki apimwe damu, wanaweza kupunguza dozi ama wambadilishie. Samli nayo, zaidi ya nusu yake ni yale mafuta yanayopandisha LDL, kolestro mbaya. Nyanya alibeba maji kichwani kutoka mtoni kila siku, na hakuna aliyempima! Kijiko kidogo kwa osuga (mboga ya managu) sawa, lakini si ile ya kuelea juu ya aliya, ile nyama iliyokaushwa.